Joy Adamson: Kabla ya simba Elsa kulikuwa na maua

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

MWEZI Oktoba, kabla mvua za vuli hazijafika, Yaeda Chini wilayani Mbulu huwa na rangi moja tu, nayo ni ya vumbi. Nyasi zimekauka, mbuga ya bondeni imepasuka kwa jua, na ng'ombe wa Wadatoga wanapopita huacha nyuma yao wingu jeupe lisilotulia upesi.

Ndipo katikati ya mawe, kwenye shina nene lisilo na jani hata moja, hujitokeza ua la rangi ya waridi linalong'aa kana kwamba limepakwa rangi asubuhi hiyo hiyo. Wageni huliita waridi la jangwa. Wahadzabe, wenyeji wa kale wa bonde hili, wanaufahamu mmea huo kwa sababu nyingine kabisa. Utomvu wake huchemshwa hadi ukawa mzito, ukawa sumu waiitayo panjube, kisha hupakwa kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa.

Mwandishi wa makala haya alipiga picha zipatazo 20 za ua hilo kwa simu ya mkononi, saa saba mchana. Hakuna hata moja iliyofaa. Ua lilitoka kama doa la rangi moja, mishipa ya petali ikafutika, koo la ua likawa jeupe tupu kwa ukali wa jua, na jiwe lililokuwa nyuma likaonekana vizuri kuliko ua lenyewe.

Kushindwa huko ndiko kulikomrudisha mwandishi kwenye habari za mwanamama mmoja aliyepita katika nchi za Afrika Mashariki akiwa na karatasi na brashi, wakati kamera ya rangi ilikuwa bado changa. Ulimwengu unamkumbuka kwa sababu ya simba. Lakini kabla ya simba yalikuwepo maua, na kwa maua hayo peke yake angestahili kukumbukwa.

Jina lake ni Joy Adamson, ingawa hakuzaliwa na jina hilo, wala la kwanza wala la pili.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, wakati huo ukiwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walimpa jina la Friederike Victoria Gessner. Familia ilikuwa na uwezo, na yeye alikuwa wa pili kati ya mabinti watatu.

Wazazi wake walitengana akiwa bado mdogo, naye akapelekwa kulelewa na bibi yake mjini Vienna. Huko alijifunza mambo mengi bila kutulia katika moja. Alipenda sana piano na alitamani kuwa mpigaji wa kulipwa, ndoto ambayo haikutimia. Alisomea pia uchongaji wa sanamu, na kwa muda alifikiria kuingia katika udaktari. Ukiitazama orodha hiyo kwa haraka utamdhania ni msichana asiyejua anachokitaka. Ukiitazama kwa makini utaona kitu kimoja kinachojirudia: kazi za mikono zinazodai vidole vyepesi na macho yasiyochoka.

Mwaka 1935 aliolewa na mfanyabiashara wa Austria mwenye asili ya Kiyahudi, Victor von Klarwill. Hali ya Ulaya ilikuwa ikichafuka. Chama cha Nazi kilikuwa kimeshika madaraka Ujerumani tangu mwaka 1933, na wenye kuona mbali walianza kutafuta mahali pa kukimbilia. Mwaka 1937 mume alimtuma mkewe Kenya akaangalie kama nchi hiyo ingewafaa.

Ndani ya meli alikutana na mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Peter Bally. Yaliyofuata yanaeleweka bila maelezo marefu. Ndoa ya kwanza ilivunjika, na mwaka 1938 Friederike akawa mke wa Bally. Ni Bally ndiye aliyempa jina la Joy, yaani furaha, na jina hilo likaganda kwake hadi kaburini, japokuwa wengi waliomfahamu wangesema kwamba furaha haikuwa mgeni wa kila siku katika maisha yake.

Bally alikuwa mtu wa mimea kwelikweli. Alichunguza mimea ya dawa na ya sumu ya Afrika Mashariki, akaipenda zaidi mimea yenye mashina manene yanayohifadhi maji, jamaa za vichaka vinavyoonekana leo katika miteremko ya Yaeda. Aliajiriwa katika Jumba la Makumbusho la Coryndon mjini Nairobi, ambalo sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi.

Mwaka huo huo wa 1938 wakaenda pamoja katika msafara wa kisayansi wa jumba hilo kwenye Milima ya Chyulu, kusini mwa Kenya. Huko ndiko kazi ya Joy ilikoanzia. Wakati mumewe akikusanya mimea na kuibana katikati ya karatasi ili ikauke, yeye alianza kuichora. Bally aliona kuwa mkono wa mkewe si wa kubahatisha, akamtia moyo aendelee.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana msomaji wa leo, ambaye simu yake hupiga picha mia moja kwa dakika, anaweza kuuliza kwa nini mtaalamu wa mimea ahitaji mchoraji wakati kamera ilikuwepo.

Kamera ilikuwepo, ndiyo, lakini kwa ua ilikuwa chombo chenye upungufu mwingi. Filamu ya rangi ya Kodachrome kwa kamera za mkononi iliingia sokoni mwaka 1936, miaka miwili tu kabla ya safari ya Chyulu. Ilikuwa nzito mno kupokea mwanga, hivyo shata ililazimika kubaki wazi kwa muda mrefu, na upepo mdogo tu ulitosha kuliharibu ua lote. Isitoshe, filamu hiyo haikuweza kusafishwa Nairobi. Ililazimika kurudishwa kwa watengenezaji ng'ambo, kwa meli, na mpiga picha akasubiri majuma mengi kabla hajajua kama alipata kitu au alipata ukungu.

Tatizo la pili halijaisha hata leo. Lenzi inapokaribia kitu kidogo, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba kama unene wa karatasi chache. Ukilenga ncha za stameni, petali za nyuma hupotea. Ukilenga petali, stameni zinakuwa moshi. Mpiga picha hupunguza tundu la lenzi ili kina kiongezeke, lakini akilipunguza mwanga nao hupungua, na shata hulazimika kukaa wazi zaidi, na hapo upepo unarudi kudai haki yake. Siku hizi wapo wanaopiga picha nyingi, kila moja ikilenga kina tofauti, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa moja. Mwaka 1938 kompyuta hiyo ilikuwa ni kichwa cha mchoraji.

Mmea uliokaushwa nao una dosari yake. Katika hifadhi ya mimea, karatasi moja hubeba tawi, jani, ua na maelezo ya mahali lilipookotwa. Umbo hubaki kwa miaka mia na zaidi, lakini rangi huondoka. Ua jekundu huwa kahawia, la buluu huwa kijivu, na mmea mnene wenye maji, ule aliokuwa akiupenda Bally, hukunjamana usitambulike.

Mchoro wa rangi za maji uliziba pengo hilo. Mchoraji wa mimea hufanya kazi na ua bichi lililokatwa muda si mrefu, akiliweka ndani ya maji lisinyauke. Huupima urefu wa petali na kuuhamishia katika karatasi. Huhesabu stameni. Huacha nyuma ya ua weupe mtupu wa karatasi, ili jicho lisiwe na pa kukimbilia. Huchanganya rangi mapema, kabla ua halijaanza kubadilika, kwa sababu umbo anaweza kulimalizia baadaye lakini rangi haimsubiri. Tena anao uhuru ambao kamera haina: anaweza kulipasua ua katikati akaonyesha yaliyomo, na kando ya ua akaweka tunda litakaloiva miezi mitatu baadaye.

Ndiyo kazi aliyoifanya Joy kwa miaka mingi, mamia kwa mamia ya maua. Michoro yake ilipendwa na bibi mmoja mwenye ushawishi miongoni mwa wapenda bustani wa Kenya, Lady Muriel Jex-Blake, ambaye kitabu chake cha maua ya porini ya Kenya kilichotoka mwaka 1948 kilipambwa kwa michoro hiyo. Vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki alivyovichorea vinafikia saba. Miongoni mwavyo ni kitabu kikubwa cha miti na vichaka vya Kenya cha Dale na Greenway, kilichochapishwa mwaka 1961, ambacho wanafunzi wa misitu wa nchi hizi walikitegemea kwa muda mrefu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alipiga kambi katika Mlima Kenya ili achore maua ya juu kabisa, kwenye eneo ambalo miti ya kawaida imekwisha. Huko kuna lobelia zinazosimama kama minara yenye manyoya, zikificha vijiua vyao vya buluu ndani ya majani marefu yanayoning'inia, na jamii ya senesio wenye vichwa vikubwa kama kabichi juu ya shina la mti. Usiku maji huganda na mchana jua huchoma ngozi. Kwa mtu anayetumia rangi za maji, mahali ambapo maji yenyewe hugeuka barafu si pa mzaha.

Mimea hiyo ina tabia inayomfaa mchoraji mwenye subira. Lobelia na senesio hufunga majani yao ya juu usiku kuzuia baridi isiue kichipukizi cha katikati, na huyafungua jua likichomoza. Anayefika saa nne asubuhi akapiga picha moja na kuondoka haoni kitu hicho. Aliyelala karibu nayo anaona.

Wakati huo ndoa yake na Bally ilikuwa imelegea. Krismasi ya mwaka 1942, akiwa Garissa, alikutana na George Adamson, ofisa wa wanyamapori aliyezaliwa India mwaka 1906 na kuhamia Kenya akiwa kijana. George alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kiko mdomoni na ndevu, anayejisikia vizuri zaidi porini kuliko sebuleni. Walifunga ndoa Januari 1944. Bally, kwa upande wake, aliendelea na mimea hadi uzeeni, na alifariki dunia mwaka 1980, mwaka ule ule aliokufa Joy.

Kuolewa na ofisa wa wanyamapori kulimpeleka Joy mbali zaidi kaskazini, Isiolo na kwingineko, katika nchi kame ambayo maua yake hutokea kwa siku chache baada ya mvua kisha yakatoweka. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikwenda London, ambako alipata mafunzo katika shule ya sanaa ya Slade. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro yake ya maua. Wakati huo Elsa alikuwa bado miaka tisa mbele, na watu wa fani walikuwa wamekwishamwona.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya nchi hiyo wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Alisafiri kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha, na baadaye mwaka 1967 zikatoka katika kitabu kuhusu watu wa Kenya.

Kazi hii ina ubishi wake. Wapo wanaoisifu kwa kuhifadhi shanga, mitindo ya nywele na alama za mwili ambazo zimekwisha toweka. Wapo wanaoona kwamba aliwachora binadamu kama alivyochora maua, kila mmoja mbele ya weupe wa karatasi, akiwa ametolewa katika shamba lake, deni lake na siasa ya wakati wake. Na wakati huo wenyewe haukuwa wa utulivu, kwani hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya Oktoba 1952. Kwa maoni ya mwandishi, pande zote mbili zina ukweli. Kinachofaa kwa ua si lazima kimfae mtu.

Katika miaka ya 1950 alishuka hadi pwani akachora samaki wa miamba ya matumbawe. Hapo alikutana tena na adui yake wa siku zote, yaani wakati. Samaki wa miamba akitoka majini rangi zake huanza kufifia upesi kuliko petali za ua lolote.

Halafu akaja Elsa.

Habari hiyo inajulikana, hivyo tutaipitia kwa ufupi. Februari 1, 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba simba huyo alikuwa akiwalinda watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam nchini Uholanzi. Wa tatu, mdogo kuliko wote, alibaki, akafundishwa kuwinda na kurudishwa porini katika eneo la Meru. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa kilitoka mwaka 1960 na kikasomwa duniani kote kwa lugha nyingi, na filamu yake ikafuata mwaka 1966.

Sehemu ya nguvu ya kitabu hicho ilikuwa ni picha za mnato zilizojaa ndani yake. Msomaji wa Ulaya alikuwa amezoea kumwona simba aliyekufa chini ya buti la mwindaji, au simba wa mbali aliyepigwa kutoka ndani ya gari. Hapa alimwona simba amelala juu ya kitanda cha kambi, simba anaoga mtoni na watu. Kamera ilikuwa imekaribia kama brashi ilivyokuwa imelikaribia ua.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba ukaribu huo ulikuwa wa Joy na George peke yao. Nuru, aliyewatunza watoto wa simba tangu mwanzo, na Makedde, askari wa wanyamapori Mturkana, wametajwa katika kitabu na wanaonekana katika safari zile. Wabebaji wa mizigo ya Chyulu na Mlima Kenya, waliopandisha mbao za kubania mimea na masanduku ya rangi, hawakupata hata bahati hiyo. Na mara nyingi mtu wa kwanza kumwonyesha mtaalamu wa mimea mahali ua lilipo ni mwenyeji wa hapo, ambaye jina lake haliandikwi chini ya mchoro.

Elsa alikufa kwa maradhi Januari 1961, akiwaacha watoto watatu. Watoto hao walipoanza kushambulia mifugo ya wanavijiji, ilibidi wahamishwe, na mwaka huo huo, miezi kadhaa kabla ya Tanganyika kupata uhuru, waliachiwa katika Hifadhi ya Serengeti. Joy alitumia muda mrefu kuwatafuta katika mbuga hizo, upande wa pili wa Ziwa Eyasi ukitokea huku nchi ya Wahadzabe.

Fedha za vitabu alizielekeza kwa sehemu kubwa katika uhifadhi wa wanyama. Mwanamama huyu, ambaye angeweza kuishi kitajiri popote duniani, alinunua nyumba kando ya Ziwa Naivasha, akaiita Elsamere, lakini miaka mingi aliimalizia kwenye mahema, akimlea duma aliyeitwa Pippa na baadaye chui aliyeitwa Penny.

Mwaka 1969 alipata ajali ya gari iliyouumiza vibaya mkono wake wa kulia. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa. Mkono ulipona, lakini si kwa kiasi cha kurudia kazi ya awali. Hakuweza tena kupiga piano kama zamani, wala kushika brashi kwa ustadi ule uliomwezesha kuchora ukingo wa petali kwa mpigo mmoja bila kutetemeka.

Katika maandishi mengi kuhusu maisha yake ajali hiyo hupewa mistari miwili, kisha habari za duma zinaendelea. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ndiyo msiba mkubwa kuliko yote yaliyompata kabla ya kifo chake. Waume walikuja na kuondoka. Hata na George waliishi mbalimbali kwa miaka ya mwisho, yeye na chui wake, George na simba wake kule Kora. Nchi aliyozaliwa ilibadilika jina na mipaka. Kitu pekee kilichokuwa chake tangu utotoni Vienna ni vile vidole, na sasa havikumtii.

Mwaka 1972 ulitoka mkusanyo wa michoro yake katika kitabu kimoja kikubwa, kikiwa na maua, watu na viumbe wa Afrika aliyoifahamu. Mwaka 1978 alichapisha kitabu cha maisha yake mwenyewe.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Wengi waliofanya naye kazi walimwona mkali, mwenye madai yasiyoisha na hasira za ghafla, na wafanyakazi wake hawakudumu. Kumsifia mtu kwa kazi yake hakulazimishi kumficha. Mkono uliokuwa mpole kwa ua haukuwa mpole kwa kila mtu.

Jioni ya Januari 3, 1980, katika hifadhi ya Shaba kaskazini mwa Kenya, alitoka kambini kwa matembezi yake ya kawaida, naye hakurudi. Alikutwa barabarani amekufa. Habari za kwanza zilizozagaa duniani zilidai ameuawa na simba, na dunia ikaziamini kwa sababu zilifanana na hadithi yake. Uchunguzi ukaonyesha kuwa majeraha yalitokana na silaha yenye ncha kali. Kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alitiwa hatiani mwaka 1981, na kwa kuwa umri wake ulihesabiwa kuwa mdogo hakuhukumiwa kunyongwa bali kifungo.

Zilikuwa zimebaki siku 17 atimize umri wa miaka 70. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa kwa risasi na majambazi huko Kora Agosti 20, 1989.

Sehemu kubwa ya michoro yake iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na nyumba ya Elsamere ikawa mahali pa wageni kuona vitu vyake. Rangi za maji zina udhaifu: mwanga unaoziwezesha kuonekana ndio huo huo unaozila. Kwa sababu hiyo michoro ya aina hii haitundikwi ukutani muda wote, hutolewa kwa zamu na kurudishwa gizani. Maua aliyoyaokoa yasinyauke bado yanahitaji kivuli.

Turudi Yaeda Chini. Siku ya pili mwandishi alikwenda kwenye waridi lile lile la jangwa, safari hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijavuka ukingo wa bonde na kabla upepo haujaamka. Hakuwa na lenzi ya karibu wala stendi ya miguu mitatu. Alikuwa na karatasi nyeupe ngumu kutoka katika daftari, kanga aliyoiazima, na jiwe la kuegemeza simu.

Karatasi iliwekwa nyuma ya ua, sentimeta chache, kama mchoraji anavyouacha weupe wake. Kanga ilishikiliwa na kijana mwenyeji kuzuia miale ya kwanza ilipofika, ili mwanga uingie taratibu bila kuchoma. Simu ikashushwa hadi usawa wa ua badala ya kuliangalia kutoka juu, na mwandishi akapiga magoti katika vumbi.

Ndipo vikaonekana ambavyo jana havikuwepo. Petali tano, nyekundu zaidi kingoni na zenye kufifia kuelekea ndani. Mistari membamba inayoshuka kooni. Na kutoka katikati, nyuzi nyembamba zenye vinyweleo, mikia ya stameni, zikiwa zimesokotana kama uzi wa fundi nguo.

Kijana aliyeshika kanga alitazama picha kwenye kioo, akacheka, akanyoosha mkono kuonyesha mbuyu ulio upande wa pili wa korongo. Alieleza kwamba kama kinachotakiwa ni ua, basi la mbuyu huo ni kubwa zaidi, jeupe, linaning'inia kichwa chini, hufunguka giza likiingia, na kesho mchana linakuwa limeanguka. Popo hulifahamu, na mpiga picha angehitaji tochi.

Tulikubaliana kurudi saa kumi na mbili jioni.